Shingo ya Nakiru

Siku Erupe alipoifananisha shingo yake na ya mbuzi, Nakiru aliapa kwamba hatapokea tena simu ya mwanamume yule, hata akisikia amekwama juu ya mkoma na nyuki wamemzunguka. Aliapa akiwa amesimama katikati ya mchanga wa Mto Kawalase, mto uliokuwa haujaona maji tangu Aprili, jua la saa tisa likiwaka kama lina ugomvi na watu, naye amevaa sweta.

Sweta hilo ndilo lililompa jina. Lodwar ni mji ambao mbuzi huanza kugombania kivuli saa tatu asubuhi. Humo ndimo Nakiru binti Lotiir alimotembea na sweta la kijani la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Wauza maji wa Kanamkemer, mtaa alikopanga chumba, walimwita Limuru, kama ule mji wa baridi na chai. Akipita walimsalimu, "Ejok, Limuru," kisha wakamuuliza kama huko kwao kumeamka na umande. Naye aliwajibu kwamba umande upo, majani ya chai yamestawi, na akipata nafasi atawaletea. Alikuwa mtu wa kucheka. Kicheko chake kilianzia mbali, kikapanda polepole kama maji kwenye bomba refu, kisha kikamwagika chote kwa mara moja.

Habari za mabomba alizijua vizuri. Akiwa na miaka ishirini na minane alikuwa fundi wa pampu za sola, anayezunguka na pikapu ya kazini kutoka kisima kimoja hadi kingine. Ilikuwa kwenye kisima kimoja karibu na Kalemng'orok, miezi minane iliyopita, ndipo alipoinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiuunga na kumwona kijana mrefu mwenye buti za mpira, sindano mkononi, anamkodolea macho. Alikuwa Nathan Erupe, ofisa wa mifugo kutoka Kakuma, amekuja kuchanja mbuzi waliokuja kunywa maji. Mbuzi walikuwa wamefika, maji hayajafika.

Erupe alimuuliza kama ni mgonjwa au ni mgeni. Nakiru akamjibu kwamba yeye ni mwenyeji, na asubiri zamu yake kama mbuzi wengine. Kijana yule alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Jioni walipokuwa wakinywa chai kwenye kibanda cha barabarani, wakagundua kwamba wote wawili walipewa majina ya mvua, kwa kuwa kila mmoja alizaliwa siku ya mvua. Erupe akasema watu wawili wa mvua wakikutana Turkana si bahati, ni mpango. Maneno hayo Nakiru aliyabeba mpaka Lodwar, na kwa miezi saba hakuyatua.

Katika mwezi wa nane wa mapenzi yao ndipo Amuria, mama yake Erupe, alipotoka Kakuma akaja kumwona. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kutembea polepole kama anayehofia kuamsha mtoto. Alikaa kwenye kiti cha pekee chumbani, akanywa maji, akauliza hali ya wazazi. Kisha akasema lililomleta. Alisikia kwa mwanamke aliyesikia kwenye foleni ya kliniki kwamba Nakiru haoni mwezi kama wanawake wengine.

Nakiru angeweza kukataa. Hakukataa. Alimweleza Amuria kwamba hedhi yake huja mara mbili kwa mwaka, pengine mara tatu. Miaka mitatu iliyopita alipigwa picha ya tumbo kwenye kliniki moja ya mjini, akaambiwa ovari zake zina vifuko vidogo vingi, na kwamba kuzaa kwake kutakuwa kwa shida, kama kutakuwepo. Aliyemwambia hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi. Nakiru alitoka na bahasha yake, akaiweka chini ya godoro, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu.

Amuria alikiweka chini kikombe cha maji. Kisha akasema, "Mwache mwanangu, Nakiru. Mwache mapema, kabla hamjazoeana zaidi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba maji. Hilo ndilo lililomuuma Nakiru kuliko tusi, kwa sababu tusi angelijibu. Mgeni alipoondoka, alichukua simu akamwandikia Erupe kwamba wasionane tena, kisha akalala na viatu.

Siku tatu baadaye Erupe alifika kutoka Kakuma kwa pikipiki, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Walikutana Kawalase kwa sababu Nakiru hakutaka majirani wasikie. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alimwambia amechoka tu, mapenzi yamemchosha, hana neno lingine. Alisema huku akitazama mikoma ya ng'ambo, maana kuyatazama macho ya Erupe na kudanganya kwa wakati mmoja ni kazi ambayo mwili wake ulikataa.

Erupe hakubisha. Alimtazama tu, tangu utosini mpaka kwenye viatu, kisha akamsogelea. Mkono wa Erupe ukapanda, ukafungua kifungo cha juu cha sweta, vidole viwili vikatua taratibu chini ya koo lake. Nakiru akafumba macho. Mipango yote aliyokuwa nayo ilimtoka, akabaki akingoja.

"Meza mate," Erupe akasema.

Akafumbua macho. "Nini?"

"Meza mate kidogo. Hivyo. Tena." Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. "Nakiru, nimewahi kuona shingo kama hii. Kuna mzee upande wa Kapedo alikuwa na mbuzi..."

Hakumaliza. Nakiru alikuwa tayari anapanda ukingo wa mto, hatua ndefu, anaapa kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Nyuma yake Erupe alikuwa bado anaita, anasema yule mbuzi alikuwa mzuri sana, kwamba alipona, kwamba hakuwa na maana ile. Kila alichoongeza kilizidi kuharibu.

Lakini hasira ya Nakiru ilikuwa na tabia moja, haikuweza kukaa bila kucheka. Alipofika chumbani alisimama mbele ya kioo, akavua sweta, akainua kidevu, akameza mate. Chini ya koo kitu kikapanda na kushuka, kidogo, mviringo, kama mtu aliyechungulia dirishani akajificha. Akarudia. Akakaa kitandani akicheka peke yake, na katikati ya kicheko machozi yakaja.

Akaanza kukumbuka mengine. Nywele zilizokuwa zikibaki kwenye kitana. Usingizi uliomlaza mapema kuliko kuku. Sauti yake iliyokuwa nyembamba kanisani, sasa imeshuka mpaka mwalimu wa kwaya akamhamisha akaimbe na kina mama wazee. Na baridi hii. Kila moja alikuwa amelipatia sababu yake, kazi, jua, mawazo. Hakuwahi kuyaweka pamoja. Mtu wa mbuzi ndiye aliyeyaweka pamoja.

Erupe alituma ujumbe mmoja tu: samahani kwa mbuzi, na kama hatamsikiliza yeye amsikilize Jeanine. Jeanine alikuwa tabibu Mkongo kwenye zahanati moja ya Kakuma, mwanamke wa Bukavu ambaye vita vilimtoa kwao akiwa ameshasomea kazi yake. Nakiru hakujibu. Ila wiki ile pampu moja ya Kakuma ilikuwa imekufa, na fundi aliyepangwa kwenda akashangaa kuona Nakiru anaiomba safari hiyo kwa bidii. Alitengeneza pampu, akaenda zahanati, akatolewa damu. Jeanine alimbonyeza shingo, akamwambia damu itakwenda Eldoret na majibu yatarudi baada ya wiki moja. Nakiru akarudi Lodwar kimyakimya, kama mwizi aliyekwenda kujiibia mwenyewe.

Jumanne iliyofuata ndiyo siku ya majibu. Nakiru alirudi Kakuma, akaingia zahanati saa nne, akatafuta nafasi kwenye benchi refu la nje, na aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi hilo alikuwa Amuria.

Kumbe Jumanne ilikuwa siku ya wenye presha. Wanawake hao wawili walisalimiana, ejok, ejok noi, kisha wakatazama mbele. Katikati yao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuja kuikalia. Amuria alikuwa amejitanda shuka la kimasai juu ya shanga zake, ingawa joto lilikuwa likitoa harufu ya bati. Aliuliza kama Nakiru anaumwa. Nakiru akajibu kwamba ndilo jambo alilokuja kuuliza.

Mlango ukafunguliwa, Jeanine akaita jina lake. Nakiru alisimama, akapiga hatua mbili, akasita. Baadaye aliwahi kumweleza Erupe kwamba hakujua maneno yale yalitoka wapi. Aligeuka akasema, "Mama, habari zangu za kwanza ulizipata kwa watu wa foleni. Za leo njoo uzisikie mwenyewe."

Amuria alimtazama kana kwamba amemwona kwa mara ya kwanza. Akanyanyuka, akamfuata.

Chumba kilikuwa kidogo, kina meza, mizani na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kujionea huruma. Jeanine alihakikisha kwanza kwamba Nakiru amekubali mama huyu asikie, akauliza mara mbili, ndipo akafungua karatasi. Alikuwa na Kiswahili cha kwao, kirefu na chenye mwendo wake, na alizungumza huku akimtazama mtu usoni.

"Damu yako inasema hivi, dada. Hii tezi ya shingo ndiyo inapangiaka mwili mwendo. Yako imelala. Inafanya kazi polepole sana. Ni vile unasikiaka baridi, unachokaka, nywele zinatokaka. Na imevimba kwa sababu inajikaza."

Nakiru akauliza juu ya ovari. Alisema kwa haraka, kama anayeng'oa mwiba. Aliambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba ugonjwa wake uko kule, si shingoni.

Jeanine alisema waliomwambia hawakumdanganya, picha waliiona. Ila hakuna aliyeangalia shingo. "Haya mambo mawili yanatembeaka pamoja mara mingi," akasema. "Mwanamke mwenye ovari za vile anakutwaka na tezi mugonjwa kuliko wanawake wengine. Wenye kusoma hii mambo bado wanatafuta juu ya nini. Tena iko jambo lingine. Tezi ikilala sana, yenyewe tu inaweza kuchafua mwezi wako, na kufanya ovari zionekane na vifuko."

"Kwa hiyo sina ugonjwa wa ovari?"

"Sijasema vile. Pengine uko nao. Pengine ni tezi iliiga sura yake. Pengine ni vyote viwili. Tunaanza na tezi, juu tezi tunayo dawa yake. Kisha wiki sita tunapima damu. Ikitulia, tutaangalia ovari upya."

Swali lililobaki lilijaa chumbani, na hakuwa Nakiru aliyeliuliza. Amuria ndiye aliyesogea mbele kwenye kiti chake. "Na mtoto?"

"Mama, mimi siahidi mtoto," Jeanine akasema. "Hata kwa mwenye afya yote siahidi. Lakini huyu mlango, mimi sijaona kama umefungwa."

Nakiru aligundua kwamba alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kwa miaka mitatu alikuwa ameishi na mlango uliofungwa, akauzoea, hata akaupaka rangi. Sasa ameambiwa kwamba hakuna aliyewahi kujaribu kitasa. Hakulia. Alisikia njaa, njaa kubwa ya ghafla, kama mtu aliyetoka safarini.

Jeanine akamweleza dawa. Kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu. Chai ya maziwa isifuate mpaka saa moja nzima ipite, kwa sababu maziwa yanazuia dawa isiingie vizuri. Hapo Amuria, aliyekuwa ameyapokea mengine yote kwa utulivu, alishtuka. Aliuliza kama ni saa moja kamili, kila siku, bila hata tone la maziwa. Alipoambiwa ndiyo, akamtazama Nakiru kwa huruma ya kweli, huruma ambayo hata ovari hazikuwa zimeipata.

Kisha akauliza tezi hiyo inakaa wapi hasa. Jeanine akaweka vidole kwenye koo la Nakiru, akamwomba ameze, akamwonyesha.

Amuria alitazama. Halafu akaliweka shuka chini, akapeleka mikono nyuma ya shingo yake na kuanza kuvua shanga. Zilikuwa nyingi, mkufu juu ya mkufu, tangu mabegani mpaka chini ya kidevu, kama wavaavyo wanawake wa rika lake. Mwanamke aliyeolewa hazivui mbele ya watu hivihivi. Aliziondoa moja moja, akizipanga kwenye magoti yake, na hakuna aliyemharakisha. Chini yazo ngozi ilikuwa laini na nyeupe kidogo kuliko ya uso. Na katikati ya koo kulikuwa na uvimbe, mkubwa kama ndimu.

"Na hii?" akauliza.

Jeanine alivuta kiti chake karibu. Alimbonyeza taratibu, akamwomba ameze, akauliza ni ya tangu lini.

"Tangu nilipokuwa na umri kama wa huyu," Amuria akasema. "Waliniambia ni shanga zinanibana. Basi nikaziongeza, ili isionekane."

Akawa anaviringisha mkufu mmoja kidoleni. Alipozungumza tena hakumtazama tabibu. Alimtazama Nakiru.

"Erupe sikumzaa mimi. Amezaliwa na dada yangu, nikampokea ana siku tisa, mama yake akiwa tayari kaburini. Mimi mwenyewe sikupata. Niliona mwezi mara moja kwa mwaka, nikadhani nimelaaniwa. Watu wa mume wangu walinitungia wimbo, wakauimba kwenye ngoma, nami nimesimama palepale. Nilipokuja kwako nikakuomba umwache, sikuwa nalilia wajukuu. Nilikuwa nakuona umekaa pale nilipokaa mimi. Nikasema huyu binti anacheka sana, heri aondoke kabla hawajamtungia wimbo."

Nakiru akamsogelea. "Mbona hukuniambia hivyo siku ile, mama?"

"Jambo likikaa moyoni miaka thelathini," Amuria akasema, "halikumbuki tena mlango uko wapi."

Kisha Amuria akamuuliza Jeanine kama, dawa hii ingekuwepo kwake wakati ule, mambo yangekuwa tofauti. Jeanine hakumpa jibu tamu. Alisema hilo hawezi kulijua, na hatamdanganya. Anachojua ni kwamba damu yake itatolewa leo, na uvimbe huu utapigwa picha Lodwar uangaliwe ni wa aina gani. Amuria akakubali. Akasema tu kwamba kama naye atakatazwa chai, aambiwe kwa upole.

Hapo ndipo Nakiru alipocheka, kile kicheko chake cha bomba refu, na Amuria, shingo wazi na shanga magotini, naye akaanza kutikisika mabega. Waliokuwa kwenye benchi la nje walisogea mlangoni kusikiliza zahanati gani hii watu wanapewa ugonjwa wakacheka.

Mchana ule Nakiru alimpigia Erupe simu kwa mara ya kwanza tangu Kawalase. Alimwambia wako kwenye hoteli ya Kihabeshi sokoni, yeye na Amuria, na aje. Erupe alifika mbio na buti zake za mpira, ananuka dawa ya kupe, usoni ana hofu ya mtu aliyesikia kwamba wanawake wawili anaowapenda wamekutana bila yeye. Alifungua mdomo asalimie. Kisha akaiona shingo ya mama yake.

Alisimama hivyo, mkono umekwama hewani. Maisha yake yote hakuwahi kuiona bila shanga. Akapiga magoti kando ya kiti, akanyoosha vidole viwili, akavirudisha kwa aibu.

"Umepima shingo za mbuzi wote wa Turkana," Nakiru akamwambia, kwa sauti ya chini.

Erupe hakujitetea. Alikishika kiganja cha mama yake akakilaza kwenye shavu lake. Amuria alimpapasa kichwa, akamwambia kwamba wametolewa damu wote wawili, kwamba Jeanine ni mtu mwenye macho, na kwamba yeye Erupe anuke kidogo mbali na chakula. Halafu akasimama akasema anakwenda kutafuta tumbako. Duka lenye tumbako lilikuwa mlango wa pili, lakini alielekea upande mwingine kabisa, polepole, amebeba shanga zake kwenye leso.

Walibaki wawili. Mwenye hoteli akaleta kahawa na sinia ya anjera, mkate laini wa Kihabeshi, akaweka mbele yao. Nakiru akamsimulia yote, tangu bahasha ya chini ya godoro mpaka maneno ya Jeanine. Hakupunguza kitu. Erupe alisikiliza akimtazama, na mara hii Nakiru hakuyakwepa macho yale. Yalikuwa macho ya mtu aliyekesha wiki mbili. Aliona jinsi yalivyolowa alipofika kwenye wimbo wa ngomani, na jinsi yalivyong'aa alipofika kwenye chai ya maziwa. Alijua kuanzia hapo kwamba akiondoka kwenye meza hii bila huyu mtu, ataishi, atafunga pampu zake, ila atakuwa na baridi ambayo hakuna kidonge chake.

Ndiyo maana akauliza lile alilolazimika kuuliza.

"Nikizaa, tutashukuru. Na nisipozaa, Erupe?"

Erupe hakujibu mara moja. Alisukuma kikombe pembeni. "Nisipojibu haraka usifikiri nasita," akasema. "Sitaki kukupa maneno ya simu." Akatazama upande ule mama yake alikopotelea. "Mimi nina mama kwa sababu kuna mwanamke hakuzaa. Nyumba ya namna hiyo naijua. Nimekulia ndani yake. Sikukosa kitu, Nakiru. Aliyekosa ni yeye, kwa sababu hakuna aliyesimama upande wake. Mimi nitasimama upande wako. Wakitunga wimbo, nitaimba wangu kwa nguvu zaidi, na unajua jinsi sauti yangu ilivyo mbaya."

Nakiru akataka kucheka, kicheko kikakwama. Akainamisha kichwa.

"Kuna jambo moja tu nataka nirudie," Erupe akaendelea. "Ile siku ya Kawalase. Nilipofungua kile kifungo nilikuwa nimesafiri njia nzima nikipanga la kusema. Nilitaka kusema kwamba una shingo nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Nikaigusa, nikaogopa. Nikikuogopea huwa nageuka daktari wa mifugo. Ndipo mbuzi akatoka."

"Sema sasa."

"Una shingo nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona."

"Pamoja na za Kapedo?"

"Kapedo hawakufikii."

Hapo kicheko kikapita. Nakiru alimega anjera, akaichovya kwenye mchuzi, akamlisha kwa mkono wake mbele ya wafanyabiashara na wapishi na kila aliyetaka kuona. Erupe akala. Kwa Nakiru hilo lilikuwa jibu la ndiyo, na Erupe alilielewa hivyo, maana aliushika mkono ule kwa pupa mpaka kahawa ikamwagika.

Wiki saba zilipita. Damu ya pili ilionyesha tezi ya Nakiru imeamka, si kabisa, ila imeanza kunyoosha miguu. Jeanine akaongeza dawa kidogo. Ovari bado hazijapigwa picha mpya, na hakuna aliyejifanya kujua zitasema nini. Uvimbe wa Amuria uliangaliwa Lodwar ukakutwa si wa kutisha, naye akaanzishiwa kidonge chake. Asubuhi moja Nakiru aliona mwezi, akamwandikia Erupe maneno mawili, na Erupe akamjibu kwa kumwimbia kwenye simu mpaka akalazimika kukata.

Jumamosi iliyofuata wageni kutoka Kakuma walifika nyumbani kwa mzee Lotiir, baba yake Nakiru, kuposa. Walikuja ami zake Erupe wanne, fimbo mikononi, na Amuria nyuma yao. Nakiru alikuwa ndani na mama yake, nyuma ya pazia la mlango, ambapo mwari hapaswi kuonekana lakini hakuna anayemzuia kusikia.

Ami mkubwa alizungumza kwa mafumbo ya desturi. Walipita njia, wakaona moshi wa nyumba hii, wakasema watulie. Mzee Lotiir alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache, na binti yake alikuwa amemweleza kila kitu wiki hiyo, jambo lililomfanya asile siku nzima.

"Kabla hatujaingia kwenye mifugo," akasema, "nina swali. Hali ya binti yangu mnaijua? Kwa sababu sitaki kesho mtu anirudishie akisema sikumwambia."

Wale ami walitazamana. Mmoja akakohoa. Nyuma ya pazia Nakiru alishika mkono wa mama yake. Kisha akasikia kiti kinasogezwa na hatua za polepole, na sauti ambayo haikutarajiwa kusema siku ya wanaume.

"Tunaijua," Amuria akasema. "Mimi nilikuwepo tabibu akiisema. Mzee Lotiir, sisi tumekuja kumposa Nakiru. Hatukuja kuposa watoto wake."

Ami mkubwa akatazama fimbo yake, kisha, taratibu, akatikisa kichwa kukubali, na wenzake wakafuata.

Mzee Lotiir alijifuta uso kwa kiganja kizima, kutoka juu mpaka chini.

"Basi kaeni vizuri," akasema. "Mama Erupe, wewe sogea hapa mbele. Tuzungumze."